float, double au nambari kamili? Kuchagua aina ya nambari kwenye C

Anayeandika programu ya C hapa Nairobi, iwe ya hesabu za duka la jumla, ya kufuatilia matatu kwa GPS au ya kupima maji kwenye tangi la ploti, lazima aamue nambari zake zitakaa ndani ya aina gani. Chaguo za kawaida ni tatu: `float`, `double`, au nambari kamili (`int32_t` na `int64_t`) inayohesabu kipimo kidogo kama senti au mililita. Msimamo wetu ni huu: kinachohesabiwa kikae kwenye nambari kamili, kinachopimwa kikae kwenye `double`, na `float` iingie pale tu ambapo kumbukumbu au chipu haikuachii njia nyingine. Lakini hata ukichagua vizuri, hesabu nyingi huharibikia mpakani, pale nambari inapotoka aina moja kwenda nyingine. Kwa hiyo tutalinganisha aina zenyewe kwanza, kisha tushughulikie mipaka hiyo.

Kilichomo ndani

`float` ina biti 32: moja ya alama, 8 za kipeo na 23 za tarakimu zenyewe. Biti ya kwanza ya tarakimu huwa ni 1 daima kwa nambari za kawaida, kwa hiyo haiandikwi, na usahihi unakuwa wa biti 24. `double` ina biti 64: moja ya alama, 11 za kipeo, 52 za tarakimu, usahihi wa biti 53. Mpangilio huu ni wa kiwango cha IEEE 754 kilichotolewa 1985 na kurekebishwa 2008 na 2019, na ndio utakaoukuta kwenye laptopu, simu na vibodi vingi.

Kwa kuwa hesabu hizi ni za msingi wa mbili, 0.5, 0.25 na 0.125 zinaingia kamili. 0.1 haiingii. `double` iliyo karibu nayo kuliko zote ni 0.1000000000000000055, na `float` iliyo karibu ni 0.1000000015. Hizo ni nambari mbili tofauti, ndiyo maana `float f = 0.1f; if (f == 0.1)` haitimii hata siku moja.

Fikiria rula ambayo vistari vyake huachana zaidi kadiri unavyoondoka kwenye sifuri. Kwenye `float`, kati ya 1 na 2 nafasi kati ya kistari na kistari ni kama 0.00000012. Kati ya 131,072 na 262,144 nafasi hiyo imefika 0.015625. Ukipita 16,777,216 (yaani mbili kwa kipeo cha 24) nafasi ni 2, kwa hiyo 16,777,217 haipo kabisa: ukiiweka inageuka jirani yake. `double` ina rula ya namna hiyo hiyo, ila vistari vyake ni vya karibu mno, na nambari kamili zinaanza kurukwa baada ya 9,007,199,254,740,992.

| | `float` | `double` | `int64_t` ya senti |
|---|---|---|---|
| Baiti | 4 | 8 | 8 |
| Tarakimu za kutegemewa | 6 | 15 | 18 |
| Nambari kamili zote hadi | 16,777,216 | 9,007,199,254,740,992 | 9,223,372,036,854,775,807 |
| Shilingi 0.10 inaingia kamili? | hapana | hapana | ndiyo, ni senti 10 |
| Ikizidi kiwango | inakuwa `inf` (isiyo na kikomo) | inakuwa `inf` | tabia isiyofafanuliwa |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio bei unayolipa kwa nambari kamili, na tutaikuta kwenye pampu ya mafuta.

Pesa: `float` haifai, `double` ina masharti, senti ndizo za kuwekea daftari

Chukua shilingi 250,000, kikomo cha muamala mmoja wa M-Pesa kilichowekwa 2023. Kiasi hicho kiko ndani ya eneo ambalo vistari vya `float` vimeachana kwa 0.015625, yaani senti moja na nusu na kidogo.

```c
float a = 250000.01f;
float b = 250000.10f;
printf("%.2f %.2f\n", a, b);   /* 250000.02 250000.09 */
```

Hakuna hesabu yoyote iliyofanyika hapo. Nambari ziliwekwa tu, zikachapwa, na tayari senti zimekosewa: moja imezidi, nyingine imepungua. Ukifika milioni moja nafasi ni senti 6.25. Na ukianza kujumlisha, makosa madogo yanarundikana: jumlisha `0.1f` mara milioni moja kwenye `float` na badala ya 100000 utapata 100958.34. Kosa hilo ni karibu asilimia moja nzima. Kwenye `double` hesabu hiyo hiyo inatoa 100000.00000133. Hapo mjadala wa `float` na pesa umekwisha.

`double` haikosi nafasi. Karibu na 250,000 vistari vyake vimeachana kwa sehemu ndogo mno ya senti, haionekani. Tatizo lake ni kwamba iko *karibu* na jibu bila kuwa jibu lenyewe, na msimbo unaofuata mara nyingi haujui hilo. VAT ya Kenya ni asilimia 16, kwa hiyo 1.16 ni nambari utakayoiandika sana:

```c
int k = (int)(1.16 * 100); /* 115, si 116 */
```

1.16 ndani ya `double` ni pungufu kidogo sana ya 1.16. Ukizidisha kwa 100 unapata 115.99999999999999, na `(int)` haikadirii kwenda nambari iliyo karibu, inakata tu kila kilicho baada ya nukta. Ni vivyo hivyo kwa `19.99 * 100`, inayokatwa kuwa 1998. Dawa ni `lround(1.16 * 100)` kutoka `<math.h>`, ambayo inakadiria kwanza ndipo inatoa nambari kamili. Ukikompaili kwa gcc kwenye Linux, usisahau `-lm` mwishoni mwa amri.

Kwa hiyo `double` inafaa kwenye pesa pale jibu ni la kusomwa tu: wastani wa mauzo, makisio ya riba, grafu ya mwezi. Haifai pale ambapo jumla lazima ilingane na vipande vyake hadi senti ya mwisho, kwa sababu hata `0.1 + 0.2 == 0.3` haitimii. Risiti, daftari la chama, salio la mteja: hizo ziwe senti ndani ya `int64_t`.

Kujumlisha na kutoa senti hakuna kosa kamwe. Kugawa ndiko kunakotaka akili, na hilo ni jambo zuri, kwa sababu nambari kamili inakulazimisha uamue baki linakwenda wapi. Gawa shilingi 10,000 kwa watu watatu: `1000000 / 3` ni senti 333333, na `1000000 % 3` inakuambia kuna senti moja imebaki. `double` ingekupa 3333.33 na nukta nyingi, kila mtu akachapiwa 3,333.33, na senti ile ikapotea bila mtu kuulizwa.

Kutoa VAT ndani ya bei ambayo tayari inayo, fomula ni bei mara 16 gawa kwa 116. Ili kukadiria badala ya kukata, ongeza nusu ya kigawanyo kabla ya kugawa:

```c
int64_t bei = 125000;                   /* sh 1,250.00 */
int64_t vat = (bei * 16 + 58) / 116;    /* 17241, yaani sh 172.41 */
int64_t halisi = bei - vat;             /* 107759 */
```

Angalia kwamba `halisi` imepatikana kwa kutoa. Ukihesabu VAT kwa kugawa na bei halisi nayo kwa kugawa kwingine, zote kwa kukata, kuna risiti zitakazopungukiwa senti moja. Mbinu ya kuongeza nusu ni ya nambari chanya pekee: tangu C99 (toleo la 1999 la kiwango cha C) kugawa nambari kamili hukata kuelekea sifuri, kwa hiyo kwenye pesa zinazorudishwa zenye alama ya kutoa lazima utoe nusu badala ya kuiongeza.

Sasa pampu. Lita zihesabiwe kwa mililita, bei kwa senti. Tuseme petroli ni shilingi 176.58 kwa lita.

```c
int32_t ml  = 150000;                /* lita 150 */
int32_t bei = 17658;                 /* senti kwa lita */

int64_t x = ml * bei;                /* mbaya */
int64_t y = (int64_t)ml * bei;       /* sawa: 2648700000 */
int64_t senti = (y + 500) / 1000;    /* 2648700, yaani sh 26,487.00 */
```

Mstari wa `x` unaonekana salama kwa sababu kinachopokea jibu ni `int64_t`. C haiangalii mpokeaji. Inaangalia aina za vinavyozidishwa, na vyote viwili ni vya biti 32, kwa hiyo zao linafanywa ndani ya biti 32 ambazo mwisho wake ni 2,147,483,647. Zao letu ni 2,648,700,000. Kiwango cha C kinasema hapo lolote laweza kutokea. Kwa kawaida utaona -1,646,267,296, na pampu itamdai mteja hasi shilingi elfu kumi na sita. Kibaya zaidi ni kwamba kwa bei hii kosa linaanza mililita 121,616. Pikipiki itajazwa sawa, Probox itajazwa sawa, majaribio yote yatapita, kisha lori liingie. Na `(int64_t)(ml * bei)` haiponyi chochote, kwa sababu mabano yanafanya zao liharibike kwanza ndipo lipanuliwe.

Usumbufu mwingine wa senti ni kuingiza na kutoa. Maandishi "176.5" ni senti 50 baada ya nukta, si 5, ukisoma sehemu mbili kwa `strtol` lazima uhesabu tarakimu zilizosomwa. Njia fupi ni `llround(strtod(s, NULL) * 100)`, na kwa viasi vya kawaida ni salama, kwa sababu `double` inatumika mara moja tu na kukadiriwa papo hapo. Wakati wa kuchapa, `senti / 100` na `senti % 100` zinatosha kwa chanya. Kwa hasi ya senti 5 zitakupa `0.-5`, kwa hiyo chapa alama peke yake kwanza, kisha thamani bila alama.

Mahali: upande mmoja wa ramani huumia zaidi

Nairobi iko karibu latitudo -1.2921 na longitudo 36.8219. Weka zote mbili kwenye `float` na utaona jambo ambalo miji mingine haioneshi waziwazi hivi. Latitudo iko kati ya 1 na 2, vistari vimeachana kwa digrii 0.00000012, sawa na sentimita 1.3 ardhini. Longitudo iko kati ya 32 na 64, ambako nafasi ni digrii 0.0000038. Karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111, kwa hiyo hiyo ni sentimita 42. Gari lako litasogea kwa ulaini kaskazini na kusini, lakini mashariki na magharibi litaruka nusu mita kila mara.

Kuonyesha basi liko stendi gani, sentimita 42 hazina neno. GPS yenyewe ya bei ya chini hukosea kwa mita kadhaa. Tatizo linaanza ukitaka tofauti. Mwendo kati ya vipimo viwili vya sekunde moja moja, kwenye foleni ya Thika Road, unaweza kuwa mita moja au mbili. Ukitoa longitudo mbili za `float` zinazokaribiana, ile nusu mita ya ukadiriaji inakuwa sehemu kubwa ya jibu, na spidi inarukaruka hata gari likitembea taratibu bila kubadilika. Hapa `double` inamaliza tatizo bila kazi ya ziada, na ndiyo chaguo letu kwenye seva na kwenye simu.

Kwenye kifaa kidogo, nambari kamili inaishinda `float` kabisa: digrii mara 10,000,000 ndani ya `int32_t`. Digrii 180 inakuwa 1,800,000,000, bado iko chini ya kikomo, na hatua moja ni kama sentimita 1.1 pande zote. Baiti ni 4 zile zile za `float`. Vipokezi vya u-blox hutoa latitudo na longitudo kwa kipimo hiki hiki kwenye ujumbe wao wa UBX-NAV-PVT, kwa hiyo huna hata sababu ya kubadilisha. Ukisoma NMEA (mistari ya maandishi ambayo vipokezi vya GPS hutoa) badala yake, longitudo inakuja kama `03649.3140`: digrii 36 na dakika 49.3140. Kuisoma yote kwa `float` kisha kugawa ni kupoteza usahihi kabla hujaanza, maana kwenye 3649 vistari vimeachana kwa dakika 0.000244, karibu sentimita 45. Tenganisha digrii na dakika zikiwa bado maandishi.

Vibodi vidogo: hapa ndipo `float` ina nyumba

Kwenye Arduino Uno ya chipu ya AVR (hadi R3), `double` ni baiti 4. Ukiandika `double` hupati kitu zaidi ya `float`, na msimbo uliojaribiwa kwenye laptopu utatoa majibu mengine. Chipu hiyo haina kitengo cha desimali, kila zidisho linafanywa kwa programu. `int` nayo ni biti 16, mwisho 32,767, kwa hiyo `adc * 5000L / 1023` (`adc` ni usomaji wa volti kama nambari kamili) inahitaji ile `L`. Bila hiyo, 1023 mara 5000 inavuka kikomo mbali sana.

ESP32 ya kawaida ina kitengo cha `float` ndani ya chipu lakini `double` hufanywa kwa programu. Cortex-M4F ni hivyo pia. ESP32-C3 haina kitengo chochote cha desimali. Kwenye zile mbili za kwanza `float` ni chaguo halali kabisa kwa joto, volti na unyevu, kwa sababu kipimo cha biti 12 kina hatua 4096 tu na `float` ina tarakimu 6 za kutegemewa. Ila mtego uko kwenye `3.3`:

```c
float v = adc * 3.3 / 4095; /* inafanyika kwa double */
float w = adc * 3.3f / 4095.0f; /* inabaki float */
```

`3.3` bila `f` ni `double`, inaivuta hesabu nzima iwe `double`, kisha jibu linabanwa kurudi `float`. Unalipa mwendo wa `double` na kupata usahihi wa `float`. Vivyo hivyo `sqrt` na `sin`: tumia `sqrtf` na `sinf`. Alama ya gcc `-Wdouble-promotion` inakuonyesha kila mahali hili linapotokea.

Volti yenyewe mara nyingi haihitaji desimali. `adc * 3300 / 4095` ni milivolti, na kwenye `int` ya biti 32 haikaribii kikomo.

Muda usiguse `float` hata kidogo. Milisekunde zilizohesabiwa tangu kibodi kiwashwe zinapita 16,777,216 baada ya kama saa 4 na dakika 40. Kuanzia hapo `float` haiwezi kuhesabu moja moja, na programu iliyofanya kazi asubuhi nzima inaanza kuchelewa mchana. Hata ukihesabu kwa nambari kamili, angalia unapoibadilisha. Mfumo wa Patriot wa Marekani wa kuzuia makombora, uliohudumu Dhahran, Saudi Arabia, ulihesabu sehemu za kumi za sekunde kwa nambari kamili, hesabu isiyo na kosa. Kosa liliingia ilipozidishwa kwa 0.1 iliyokatwa kutoshea biti 24. Tarehe 25 Februari 1991, baada ya kama saa 100 za kufanya kazi bila kuzimwa, saa ilikuwa imekosea theluthi moja ya sekunde. Kombora halikuzuiwa na wanajeshi 28 walikufa. Linganisha na toa muda ukiwa bado kwenye kipimo chake cha asili; badilisha mwisho kabisa, tena kwa kuonyesha tu.

`long double` na desimali halisi

`long double` hatuipendekezi isipokuwa unajua mashine moja itakayoendesha programu. Kwenye Linux ya x86-64 ina usahihi wa biti 64, kwenye Windows kwa kompaila ya Microsoft ni sawa na `double`, na kwenye Linux ya ARM ya biti 64 ni biti 128 zinazofanywa kwa programu, polepole. Aina za `_Decimal64` ziliingia C23 kama hiari na gcc inazo kwenye baadhi ya mashine, lakini Clang haina na `printf` ya Linux haijui kuzichapa. Senti kwenye `int64_t` zinaendeshwa kila mahali.

Mipaka

Mgongano wa kwanza ambao karibu kila mwanafunzi hukutana nao:

```c
int jumla = 7, n = 2;
double p = jumla / n;            /* 3.0 */
double q = (double)(jumla / n);  /* 3.0 */
double r = (double)jumla / n;    /* 3.5 */
```

Ni sheria ile ile ya pampu: C inaamua kwa kuangalia pande mbili za alama ya kugawa. Upande mmoja ukiwa `double`, mwingine unafuata. Pande zote zikiwa `int`, sehemu ya desimali imeshatupwa.

Kutoka `double` kwenda `int`, 2.99 inakuwa 2 na -2.99 inakuwa -2. Ikiwa nambari haitoshei, kiwango hakitoi ahadi yoyote: x86 kwa kawaida hutoa -2,147,483,648, ARM hubakia kwenye 2,147,483,647. Kwa hiyo programu inayofanya kazi kwenye laptopu yako inaweza kutoa jibu jingine kwenye simu ya mteja. Kagua kabla:

```c
if (d >= -2147483648.0 && d < 2147483648.0)
    i = (int32_t)d;
```

NaN (thamani ya "si nambari") haipiti jaribio hilo, kwa sababu kila ulinganisho wake wa ukubwa unashindwa, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Kwa `int64_t` andika `d < 9223372036854775808.0`. Usitumie `<= INT64_MAX`: `INT64_MAX` ikigeuzwa `double` inapanda kwa moja, na thamani isiyotoshea itapenya.

Kutoka `int` kwenda `float`, usahihi hupotea bila onyo la kawaida. Nambari ya kitambulisho yenye tarakimu 8, ikizidi 16,777,216 na isiwe shufwa, itageuka kuwa ya mtu mwingine. Vitambulisho na nambari za simu ziwe maandishi. Hazijumlishwi, na sifuri ya mbele ni sehemu yake.

Salio na ada zikichanganya alama, mambo huwa mabaya kimyakimya:

```c
int salio = -50;
unsigned ada = 30;
if (salio < ada) puts("salio halitoshi"); /* haichapi */
```

`salio` inageuzwa `unsigned` na kuwa 4,294,967,246. Kwa pesa tumia aina zenye alama pekee, hata kwa kiasi ambacho hakiwezi kuwa hasi.

`abs(-0.75)` ni 0, kwa sababu `abs` hupokea `int`, tumia `fabs`. Na `scanf("%f", &x)` ambapo `x` ni `double` huandika baiti 4 kati ya 8 na kuacha takataka; `double` ni `%lf`. Kwenye `printf` hakuna tofauti, kwani `float` hupandishwa kuwa `double` inapopita hapo, na ndiyo sababu wengi huzoea `%f` kila mahali.

Kulinganisha desimali mbili

`for (float x = 0; x != 1.0f; x += 0.1f)` haisimami: baada ya mara kumi x ni 1.0000001. Hesabu mizunguko kwa `int` na upate x kwa `i / 10.0f`. Unapolazimika kulinganisha, ruhusa ya kosa itokane na kipimo chenyewe. Ushauri unaoenea wa `fabs(a - b) < DBL_EPSILON` haufanyi kazi nje ya eneo la 1: karibu na 1000 vistari vya `double` vimeachana kwa 0.0000000000001, zaidi sana ya `DBL_EPSILON` (nafasi ya vistari kuanzia 1), kwa hiyo jaribio hilo ni `==` iliyovaa nguo nyingine. Kwa maji ya tangi andika milimita 5. Kwa hesabu tupu tumia `fabs(a - b) <= 1e-9 * fmax(fabs(a), fabs(b))`.

Kompaila na faili

Kwa kila mradi wenye hesabu anza na `-Wall -Wextra -Wconversion -Wfloat-equal`. `-Wconversion` haimo ndani ya `-Wall`, na ndiyo inayokamata mabadiliko yanayopoteza tarakimu. Wakati wa majaribio ongeza `-fsanitize=undefined`, itakayoshika zao la pampu papo hapo, pamoja na `-fsanitize=float-cast-overflow`, ambayo kwenye gcc haiji na ile ya kwanza. Epuka `-ffast-math` kama unategemea `isnan`, kwa sababu inampa kompaila ruhusa ya kudhani NaN haipo.

Ukihifadhi vipimo kama maandishi na kuvisoma tena, `%f` ya kawaida huandika tarakimu sita tu baada ya nukta na kilichobaki kinapotea. `%.9g` inarudisha kila `float` ilivyokuwa, na `%.17g` kila `double`.